Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri: Tunaomba Mstari Mmoja Katika Zabuni

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Uchumi wa Kidijitali,
Teleposta Towers, Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Niwie radhi kwa kufika mbele yako kwa barua ya wazi, bila kupitia masijala kama desturi inavyotaka. Nimeichagua njia hii kwa sababu ninachoomba si changu peke yangu. Ni cha vijana wanaojifunza kuandika programu za kompyuta Kitale na Bungoma, miji miwili ninayofundisha kwa zamu, na naamini ni cha wenzao wa kaunti nyingine 45 pia.

Kabla sijaomba, naomba nishukuru. Mpango Mkuu wa Kidijitali wa 2022 hadi 2032 uliahidi kilomita 100,000 za nyaya za faiba na vituo 1,450 vya kidijitali, kituo kimoja kwa kila wadi. Sisi tulio mbali na Nairobi tulifarijika mno kuona kwamba hesabu imepigwa kwa wadi. Mwaka huo huo wa 2022, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala iliidhinisha mtaala wa Kodris Africa wa kufundisha uandishi wa programu shuleni. Mtoto ataanzia darasani, ataendelea katika chuo cha kiufundi, na kituo cha wadi kitakuwa kinamngoja. Hayo ni makubwa, na aliyeyafanya anastahili pongezi. Dukuduku langu ni dogo, nalo liko kwenye kompyuta yenyewe atakayoikuta mezani.

Ombi lenyewe, Mheshimiwa, ni hili. Katika masharti ya kiufundi ya zabuni za vituo hivyo na za maabara za vyuo, kwa hisani yako, uongezwe mstari unaosema kwamba mtumiaji wa kawaida aweze kutengeneza mazingira yake ya kuandikia programu, na kuhama kutoka mazingira mamoja hadi mengine, bila kuhitaji nywila ya msimamizi. Najua ombi hili laweza kuonekana la kifundi mno kuletwa kwenye meza ya Waziri. Nakusihi univumilie nieleze kwa nini limefika hapo.

Programu haiandikwi hewani. Inasimama juu ya lugha fulani, toleo fulani la lugha hiyo, na vifurushi vingine vingi ambavyo navyo vina matoleo yao. Huo mkusanyiko wote ndio mazingira ya kazi. Mradi mmoja unataka toleo la zamani kwa sababu uliandikwa zamani na unaendelea kutumika. Mwingine unataka jipya kwa sababu ulianza jana. Fundi wa programu hachagui kimoja akaacha kingine. Anaitwa na yote miwili, mara nyingi siku moja.

Ruhusa yako nitoe mfano wa nyumbani. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi, Chuo Kikuu cha Moi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta. Kazi ile ndiyo iliyozaa OpenMRS, iliyoanzishwa 2004 na kuwashwa Eldoret Februari 2006 chini ya mpango wa AMPATH, ambao kliniki zake zilienea hadi Kitale na Webuye. Leo OpenMRS inatumika katika nchi nyingi duniani, na hapa kwetu ndiyo msingi wa KenyaEMR, inayotunza rekodi za wagonjwa katika kliniki nyingi za serikali. Mheshimiwa, hiyo ni programu inayojulikana ulimwenguni, na ilizaliwa kwetu. Kijana wa Kiminini hahitaji kupanda ndege kwenda kuiona; mama yake amehudumiwa kwayo.

OpenMRS imeandikwa kwa Java, na kwa miaka mingi ilisimama juu ya Java 8. Sura yake mpya, OpenMRS 3, inataka pia Node, kwa kuwa sehemu inayoonekana kwenye skrini imeandikwa kwa JavaScript. DHIS2 nayo, ambayo Kenya iliieneza nchi nzima 2011 kwa ajili ya takwimu za afya, ni ya Java, lakini matoleo yake ya karibuni yanadai Java 17. Sasa mchukue kijana anayetaka kuajiriwa na kaunti aitunze mifumo hii. Asubuhi anaitwa kurekebisha moduli ya zamani ya OpenMRS. Mchana anatakiwa kwenye DHIS2. Jioni anarudi kwenye ile sura mpya. Hizo ni nyumba tatu, na anapaswa kuingia na kutoka kila moja bila kuibomoa nyingine.

Katika maabara moja ambayo sitaitaja, kompyuta zilikuwa na Java moja tu kwa watumiaji wote, na nywila ya msimamizi ilikuwa kwa mtu anayekaa mji mwingine. Kundi la asubuhi lilikuwa linajifunza kwa moduli ya zamani. Kundi la mchana lilihitaji Java 17, msimamizi akaombwa, akaja, akaiweka na kuiondoa ile ya awali. Hakufanya ubaya; alifanya alichoombwa. Kesho yake kundi la asubuhi liliwasha kazi yao na kukuta mistari myekundu, ikisema kwamba msimbo ulioandikwa kwa kiwango cha Java 6 haukubaliwi tena. Wale vijana hawakuwa wamegusa hata herufi moja. Mmoja wao alifungua daftari akaanza kutafuta kosa lake, mstari kwa mstari, kosa ambalo halikuwapo. Mheshimiwa, hilo ndilo lililonisukuma kushika kalamu. Mwanafunzi akijifunza kwamba kompyuta humgeuka bila sababu, anaacha kuuliza sababu, na asiyeuliza sababu hawezi kuwa fundi.

Na lote lile halikuwa na ulazima, kwa sababu suluhisho liko ndani ya mifumo ya jamii ya Unix, na limekuwapo tangu Toleo la Saba la Unix la 1979. Unapoandika neno java kwenye dirisha la amri, kompyuta haijui Java iko wapi. Inaisoma orodha iitwayo PATH, yenye majina ya folda yaliyotenganishwa kwa nukta mbili. Inapitia folda moja baada ya nyingine kuanzia kushoto, na programu ya kwanza yenye jina hilo ndiyo inayoendeshwa. Zilizo baada yake haziangaliwi. Kwa hiyo Java 8, Java 11 na Java 17 zinaweza kukaa pamoja kwenye diski moja, kila moja katika folda yake, na kuhama kutoka hii hadi ile ni kubadilisha tu folda ipi itangulie. Hakuna kinachofutwa wala kusakinishwa upya, na inachukua muda wa kuandika mstari mmoja.

Lipo jambo la pili, nalo kwa maoni yangu ni zuri kuliko la kwanza. Orodha hiyo si mali ya kompyuta nzima. Kila dirisha la amri lina nakala yake, na kila programu inayoanzishwa humo hurithi nakala hiyo. Mrithi akibadilisha yake, ya mzazi haiguswi, wala ya jirani. Kijana akifungua madirisha mawili, moja laweza kuwa na Java 8 na la pili Java 17, kwa akaunti ile ile, kwenye skrini ile ile. Akikosea, anafunga dirisha, na kosa linaondoka nalo. Mashine inayotumiwa na watu wengi kwa zamu haihitaji zaidi ya hapo ili kila mmoja awe na amani yake, na waliobuni Unix waliibuni wakiwa wanatumia mashine moja watu wengi, kama sisi.

Juu ya msingi huo watu wamejenga zana za kurahisisha. Mwaka 1991 John Furlani wa Sun Microsystems alieleza njia iitwayo Modules. Msimamizi anaweka matoleo yote mara moja mahali pa pamoja, kisha mtumiaji anaandika module load na jina la toleo analotaka, au module swap akitaka kuhama. Kompyuta kubwa za utafiti duniani zinaitumia mpaka leo. Kwa vituo vyetu ina faida ambayo ningependa uiangalie kwa jicho la mhasibu. Java 17 ni takriban megabaiti 200. Wanafunzi 20 wakiipakua kila mmoja kwake, hizo ni gigabaiti 4 za bando kwa zana moja, siku ya kwanza, kabla hawajaandika lolote. Ikiwekwa mara moja na kuchaguliwa kwa amri, ni megabaiti 200 basi.

Python ina zana ya kutengeneza mazingira iitwayo venv, iliyomo ndani yake kuanzia toleo la 3.3 la 2012. Kwa Node kuna nvm, kwa Java kuna SDKMAN, na kuna direnv, ambayo hubadilisha mazingira mara tu unapoingia kwenye folda ya mradi na kuyarudisha unapotoka. Zote ni bure. Nvm na SDKMAN hukaa ndani ya folda ya mtumiaji mwenyewe na haziombi nywila ya mtu.

Hata hivyo, Mheshimiwa, kuna mahali padogo ambapo hata mfumo wa Linux uliowekwa kwa nia njema humkwamisha mwanafunzi, na ni kwa ajili ya mahali kama hapo ninaomba masharti yaandikwe, yasiachwe kwa hisia za mwenye kusakinisha. Tangu Debian 12 ya Juni 2023, na Ubuntu vilevile, zote zikiwa aina za Linux, ukijaribu kuongeza kifurushi cha Python moja kwa moja kwenye mfumo, unakataliwa. Ni haki kabisa, kwa kuwa mfumo wenyewe unaitegemea Python hiyo na ukiichafua unaweza kuharibu mashine. Unaambiwa utengeneze venv. Unajaribu, na kama kifurushi kiitwacho python3-venv hakikuwekwa, unaambiwa mwite msimamizi akiweke. Ni kifurushi kidogo sana. Kikiwekwa siku mashine inapokabidhiwa, hakuna atakayejua kwamba kilihitajika. Kisipowekwa, somo la Python linaishia hapo mpaka msimamizi arudi. Nimeona darasa zima likingoja kitu kinachopakuliwa kwa sekunde chache.

Niruhusu niseme pia juu ya kusafiri. Vijana wetu wengi husoma upande mmoja na kufanya atachimenti upande mwingine. Wanapanda matatu Kitale, wanapita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, wanashika barabara kuu Webuye na kushuka Bungoma, na mradi wote umo kwenye flashi mfukoni. Wakifika, mazingira hayafunguki, na mara nyingi wanalaumu flashi. Flashi haina hatia. Venv huandika ndani yake njia kamili ya folda ilikozaliwa, na humo kuna viungo vinavyoelekeza kwenye Python ya mashine ya kwanza. Flashi iliyopangwa kwa FAT32 haiwezi hata kuvihifadhi viungo hivyo. Mazingira hayabebwi. Kinachobebwa ni orodha yake: faili fupi la maandishi linalotaja toleo la lugha na vifurushi vyote, ambalo mashine ya Bungoma inalisoma na kuyajenga upya mazingira yale yale. Faili hilo ni dogo sana. Lakini halifai kitu kama mashine ya Bungoma imefungwa, au kama vifurushi vyote lazima vitoke ng'ambo kupitia intaneti inayogawanywa na watu 30.

Ndiyo maana kwenye ombi langu naambatanisha hifadhi ya vifurushi iliyo karibu. Seva moja ndogo katika kituo, yenye programu ya kazi hiyo, hupakua kifurushi mara ya kwanza kinapoombwa na kukigawa kwa wote wanaokiomba baadaye. KENET, ambayo imekuwa ikiunganisha vyuo vya Kenya tangu 1999, ina watu wanaoijua kazi ya namna hii vizuri kuliko mimi, na kwa unyenyekevu napendekeza waulizwe.

Nafahamu kwamba washauri wako, kwa uangalifu unaowapasa, watauliza juu ya usalama. Wakimwona mtumiaji anaachiwa aweke programu, watahofia virusi na uharibifu. Hofu hiyo naiheshimu, na jibu lake liko katika mpango wenyewe. Anayeweka zana ndani ya folda yake hawezi kugusa folda ya jirani wala ya mfumo; ruhusa za Unix zinamzuia. Mashine iliyo hatarini ni ile ambayo kila mtu anakosa njia halali, mpaka mmoja anaipata nywila ya msimamizi na kuipitisha darasa zima kwa karatasi. Hapo mnakuwa na wasimamizi 30, na hakuna anayejua nani alifanya nini. Kumpa mtu uhuru ndani ya mipaka yake ndiyo njia ya kuilinda mipaka hiyo.

Watauliza pia kwa nini tusichague toleo moja zuri tukaliweka nchi nzima. Kitale inaweza kulijibu swali hilo, Mheshimiwa, kwa sababu Kenya Seed imekuwa hapa tangu 1956. Mahindi chotara ya H611 yalitoka kwenye utafiti wa Kitale mwaka 1964, yakafuatwa na ndugu zake wa safu ya mia sita, ambao wanastawi huku juu penye baridi. Hakuna aliyesema basi mkulima wa kila mahali alazimishwe kupanda mbegu za safu ya mia sita. Wa maeneo ya mwinuko wa kadiri wakatengenezewa mbegu za safu ya mia tano, na duka moja la pembejeo linaziuza zote mbili. Mkulima anachagua akijua shamba lake.

Wala siombi chapa ya kampuni yoyote, na nisingethubutu. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 inataka masharti ya kiufundi yaeleze kifaa kifanye nini, badala ya kutaja nembo, na hivyo ndivyo ombi langu lilivyo. Msambazaji yeyote anaweza kulitimiza. Kwa kuwa zana zote nilizozitaja ni za bure, gharama yake, ukiondoa ile seva ndogo, ni saa za kazi za fundi kabla mashine hazijakabidhiwa.

Ili nisikuachie kazi ambayo ningeweza kuifanya mwenyewe, nimethubutu kuandika rasimu. Naomba wanasheria wako waipitie na kuirekebisha watakavyoona inafaa:

"Kila kompyuta na seva itakayotolewa itamwezesha mtumiaji wa kawaida, bila nywila ya msimamizi, kutengeneza, kubadili na kufuta mazingira ya kuandikia programu ndani ya folda yake, na folda hiyo haitafutwa mashine inapozimwa. Matoleo ya Java, Python na Node yanayotumiwa na mifumo ya serikali yatawekwa sambamba na kuchaguliwa kwa amri moja. Kituo kitakuwa na hifadhi ya karibu ya vifurushi. Kabla ya mashine kupokelewa, mtumiaji asiye msimamizi atalithibitisha hilo kwa kuhama kati ya mazingira mawili mbele ya kamati ya ukaguzi."

Sentensi ya mwisho, Mheshimiwa, ndiyo ninayoithamini zaidi, kwa kuwa jaribio hilo linamalizika kabla chai haijapoa, na msambazaji hawezi kulijibu kwa karatasi. Kama itakupendeza lianzie kwetu, Trans Nzoia na Bungoma, wanafunzi wangu wako tayari kukaa kwenye hizo mashine mbele ya kamati, bila posho, siku yoyote utakayoipanga.

Nabaki kwa heshima zote,

Mwalimu wa uandishi wa programu,
Kitale na Bungoma.